Skabiosa: Ua la Askari Anayehamishwa

Askari ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Mbarara, kesho yuko Moroto, na keshokutwa amevuka mipaka ya nchi kwenda kulinda amani ya wengine. Polisi naye hana usingizi wa mwenye nyumba. Barua ya uhamisho ikifika asubuhi, jioni godoro limekwisha kufungwa kamba. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kuishi katika nyumba za serikali kama abiria wanaosubiri basi. Hatupigi msumari ukutani, hatupandi mti uani, na mbele ya mlango tunaacha udongo mtupu ambao wakati wa mvua huwa tope na wakati wa kiangazi huwa vumbi.

Katika makala haya twakusudia kuyapinga mazoea hayo, na silaha tuliyoichagua ni ua. Tunajua kwamba wapo watakaocheka. Husemwa mara nyingi katika mabweni: “Afande, bunduki na maua wapi na wapi?” Swali hilo si baya, na tutalijibu; lakini kwanza yafaa kutofautisha aina mbili za maua, kwa maana jibu limo katika tofauti hiyo. Yako maua ya msimu mmoja, ambayo huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa kabla ya mwaka kwisha. Na yako maua ya kudumu, ambayo shina lake la chini hubaki hai na kuchipua tena mwaka wa pili, wa tatu na zaidi. Apandaye la kwanza hujipandia mwenyewe. Apandaye la pili, akiwa askari, karibu kila mara humpandia mwenzake atakayekuja baada yake.

Mfano wetu ni ua liitwalo skabiosa, na mahali petu ni Ruharo. Ruharo ni kilima kilicho upande wa magharibi wa mji wa Mbarara, kando ya barabara ya kwenda Bushenyi. Wenyeji na wageni hukijua kwa kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo la Dayosisi ya Ankole, na kwa hospitali ya misheni ambayo matibabu yake ya macho huwavuta wagonjwa kutoka mbali. Mbarara, iliyopandishwa kuwa jiji mwezi Julai 2020, ni mji wa askari tangu zamani. Ni mji pia ulioionja vita, kwa kuwa katika mapigano ya 1979 sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa. Udongo ule ule uliofunikwa na vifusi leo unaotesha migomba, miparachichi na maua ya uani. Hapana shaka udongo husahau haraka kuliko watu.

UA LENYEWE

Skabiosa ni jina la jamii ya mimea yenye maua ya mviringo, kila kimoja kikiwa juu ya kikonyo kirefu chembamba. Kile tunachokiona kama ua moja kwa hakika ni mkusanyiko wa vijiua vingi vidogo, vya pembezoni vikiwa vikubwa zaidi kuliko vya katikati. Kutoka katikati hutokeza vijiti vya chavua, mithili ya pini zilizochomekwa katika kifuko cha fundi cherehani. Na Waingereza wamelipa ua hili jina la kifuko hicho. Rangi yake ya kawaida ni buluu iliyochanganyika na zambarau, ingawa yako pia meupe na ya waridi. Jina lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya upele, kwa kuwa watu wa kale wa Ulaya waliutumia mmea huu kutibu mwasho wa ngozi. Tunalitaja jambo hilo kama historia tu. Askari mwenye upele na aende zahanati.

Aina tatu zajulikana zaidi katika bustani. Ya kwanza huitwa Scabiosa caucasica, nayo asili yake ni milima ya Caucasus, yenye majira makali ya baridi. Maua yake ni makubwa na ya kupendeza, lakini mmea huo umezoea kupumzika chini ya theluji na haupendi joto lenye unyevu. Ya pili ni Scabiosa columbaria, ambayo huota porini Ulaya, Asia ya magharibi na katika nyanda za juu za Afrika, za mashariki na za kusini. Ni fupi zaidi, na maua yake ni madogo kidogo, lakini ina uvumilivu. Chipukizi mmoja wa aina hii, aitwaye ‘Butterfly Blue’, aliteuliwa na chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu cha Marekani kuwa mmea bora wa mwaka 2000. Ya tatu ni Scabiosa atropurpurea, mzaliwa wa pwani za Bahari ya Mediterania, ambayo maisha yake ni mafupi na rangi yake mara nyingi ni zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Mbarara iko karibu na mstari wa ikweta, lakini imeinuka kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hukaribia nyuzi 27 za Selsiasi na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15. Hakuna theluji wala majira ya baridi. Kwa hiyo mwenye bustani wa Ruharo asivutwe na picha iliyo juu ya pakiti ya mbegu. Aina ya Caucasus itamletea majani na masikitiko. Aina ya columbaria, ambayo ndugu zake wa porini wamekwisha kuzoea nyanda za juu za Afrika, ndiyo inayostahili kujaribiwa. Na ijaribiwe kwa miche michache kwanza, kama vile kamanda anavyotuma doria kabla ya kukipeleka kikosi kizima.

MGENI LAZIMA AHOJIWE KIZUIZINI

Hapa twafika kwenye jambo zito, na twaomba msomaji asiliruke. Ua la kigeni ni mgeni anayeingia nchini. Askari anajua kwamba mgeni hupokewa kwa heshima, lakini vilevile huulizwa atokako, aendako na alichobeba. Nchi yetu imekwisha kuumia kwa kuwapokea wageni wazuri wa sura bila kuwahoji.

Lantana, ambayo Baganda huiita kayukiyuki, asili yake ni Amerika ya joto. Ilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake na kwa kufanyia ua wa kuzungushia nyumba. Ndege waliokula matunda yake wakazisambaza mbegu, na leo imevamia malisho sehemu nyingi za Uganda, Ankole ikiwamo. Ng’ombe wanaoila huharibika ini, na ngozi yao huungua kwa jua. Madhara hayakuishia hapo. Katika nchi ya Busoga, mashamba ya kahawa na pamba yalipoachwa bila kutunzwa katika miaka ya 1970, vichaka vya lantana viliyafunika hadi karibu na milango ya nyumba, na mbung’o wakapata maficho humo. Ugonjwa wa malale uliozuka huko kuanzia 1976 ukaua watu wengi. Kwa hiyo tusidhani kwamba ua ni jambo dogo.

Gugumaji nalo ni ua. Lilichukuliwa kutoka Amerika ya Kusini likapelekwa pande nyingi za dunia kwa sababu ya maua yake ya zambarau yanayoelea juu ya maji. Lilionekana katika Ziwa Kyoga na Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari ya Port Bell na kuusumbua mtambo wa umeme wa Owen Falls. Serikali ililazimika kutumia mashine, nguvu za watu na wadudu maalumu wenye kulila ili kulipunguza.

Tena uko mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Ugonjwa huo ulikuwa ukijulikana Ethiopia tangu 1968, na mwaka 2001 ukaripotiwa kwa mara ya kwanza Uganda. Hauna dawa. Huenezwa na wadudu wanaotembelea mkungu, na huenezwa pia na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata ulio mzima. Kwa mtu wa Ankole, ambaye bila matooke hajala, hiyo ni vita kamili.

Tunaitaja mifano hii mitatu kwa sababu askari wetu husafiri. Tangu Machi 2007 majeshi yetu yalipoingia Somalia, maelfu wamekwenda na kurudi, na wengine wametumikia katika nchi nyingine. Si ajabu mtu aliyeona ua zuri ugenini kutaka kutia mbegu zake mfukoni, au kufunga kipandikizi katika gazeti na kukitumbukiza ndani ya begi. Twasema waziwazi: usifanye hivyo. Sheria inataka mimea na mbegu zinazoingia nchini ziwe na kibali na zikaguliwe na maofisa wa Wizara ya Kilimo mpakani. Mbegu moja, au chembe ya udongo iliyoshika mzizi, yaweza kubeba ugonjwa ambao jeshi zima halitaweza kuurudisha ulikotoka. Nunua mbegu kwa mfanyabiashara mwenye leseni, au chukua mche kutoka bustani ya jirani ambayo umeitazama kwa macho yako.

Je, skabiosa yenyewe ni mgeni wa hatari? Haina sumu kama lantana, wala haina matunda ya kuwavuta ndege. Hata hivyo kila mbegu yake imevikwa ukosi mwembamba kama karatasi, wenye kuifanya ichukuliwe na upepo, na ile aina ya Mediterania imekwisha kuota ovyo katika nchi kadhaa ilikopelekwa. Dawa ni rahisi: kata kila ua lililonyauka kabla halijapukutisha mbegu. Kama tutakavyoona, kazi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya mmea uchanue zaidi. Hapa ulinzi na faida vimekaa katika ncha moja ya mkasi.

JINSI YA KUPANDA

Mvua za Mbarara huja mara mbili kwa mwaka: kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Kiangazi kikali huwa Juni, Julai na Agosti. Mwenye bustani na apange kazi yake kama mtu anayepanga operesheni, akihesabu kurudi nyuma. Miche yapasa kuhamishiwa bustanini mvua zinapokwisha kutulia, yaani mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba. Kwa hiyo mbegu zisiwe kitaluni baada ya kuanza kwa Agosti.

Kitalu chaweza kuwa sanduku la mbao au debe lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini. Changanya udongo, mboji iliyooza vizuri na mchanga kwa vipimo vilivyo sawa. Tawanya mbegu, zifunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimeta, kisha nyunyiza maji kwa upole. Weka kivuli cha majani ya migomba kutoka shina zima, na udongo uwe na unyevu bila kujaa maji. Mbegu huota kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Mche ukipata majani manne halisi, uhamishie katika kikopo chake ili mizizi ijikusanye.

Mahali pa kudumu pawe na jua kwa saa sita au zaidi kila siku. Skabiosa huvumilia ukame mfupi, lakini haivumilii miguu iliyolowa. Palipo na maji yaliyotuama mizizi huoza. Basi inua tuta kwa sentimeta 15 au 20, na uweke mteremko mdogo wa kupitishia maji. Mmea huu hupenda udongo usio na uchachu, wenye asili ya chokaa. Udongo wa milima yetu mara nyingi una uchachu, na tiba yake tunaimwaga kila asubuhi nyuma ya jiko: majivu ya kuni. Konzi mbili za majivu makavu kwa kila meta moja ya mraba, yakichanganywa na udongo wiki mbili kabla ya kupanda, yatosha. Yasizidishwe, kwa maana majivu mengi huunguza. Samadi mbichi isitumiwe. Itakupa majani manene na maua machache.

Acha nafasi ya sentimeta 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Askari wapya hupenda kuijaza tuta kama gwaride, bega kwa bega, lakini mimea iliyosongamana hukosa hewa, na palipokosa hewa ukungu hupiga kambi.

KUTUNZA

Katika wiki za kwanza mwagilia maji mara mbili au tatu kwa juma ikiwa mvua haijanyesha. Mwagilia asubuhi, chini ya majani na si juu yake. Mmea ukishika, mara moja kwa juma wakati wa kiangazi hutosha. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta ili kuhifadhi unyevu, lakini zisigusane na shina.

Juu ya maji hatuna budi kusema zaidi. Mto Rwizi, unaotoka milima ya Buhweju na kupita Mbarara, ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya mji huu, na katika bonde lake ndiko yaliko Ziwa Mburo na Ziwa Nakivale. Kingo zake zimeharibiwa kwa kilimo, kwa uchimbaji wa mchanga na kwa ufyatuaji wa matofali, na wakati wa ukame hupungua hadi kutisha. Bustani ya maua haina haki ya kushindana na kinywa cha mtoto wala cha ng’ombe. Tumia maji yaliyooshea mchele na mboga, au maji ya mvua yaliyokingwa chini ya paa. Tena bustani isishuke kamwe hadi ukingoni mwa mto. Polisi atakayemwondoa raia ukingoni huku yeye mwenyewe amelima huko hatasikilizwa na mtu.

Kukata maua yaliyonyauka ni kazi ya kila juma. Mmea unaoachwa utoe mbegu huona kwamba kazi yake imekwisha. Unaokatwa huendelea kuchanua kwa miezi. Kata kikonyo chote hadi kwenye jani la chini. Ikiwa wataka mbegu za kupandia, acha vichwa viwili au vitatu, vifungie kifuko cha kitambaa, na uvivune vikikauka.

Adui wake ni wachache. Vidukari huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Konokono huokotwa usiku kwa kurunzi, kazi ambayo mlinzi wa zamu haitamshinda. Ukungu mweupe juu ya majani ni ishara ya msongamano. Ondoa majani yaliyoathirika na uupe mmea nafasi. Visu na panga zilizotumika katika migomba zipitishwe motoni kabla ya kuingia bustani yoyote, na zipitishwe tena kabla ya kurudi katika migomba.

Skabiosa ni ua la kudumu, lakini kudumu kwake kuna sharti. Shina lililoachwa bila kuguswa huchoka baada ya miaka michache. Kila mwaka wa pili au wa tatu, mvua zinapoanza, lichimbue shina kwa uma wa bustani, ligawe katika vipande vyenye mizizi na machipukizi yake, tupa sehemu kuukuu ya katikati, kisha panda vipande vilivyobaki kwa kina kile kile cha awali. Shina moja laweza kuwa matatu au manne. Hivyo ndivyo bustani moja inavyozaa nyingine bila kugharimu hata shilingi.

NAKIVALE NA ARDHI NDOGO

Kusini-mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yalianzishwa 1958 na kutangazwa rasmi 1960, nayo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa barani Afrika. Wa kwanza walitoka Rwanda. Leo wako Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Kiswahili chetu hiki, ambacho jeshi na polisi wamekitumia tangu siku za Kings African Rifles, huwasaidia wengi wao kuelewana na askari anayewalinda.

Katika Nakivale kiwanja cha mtu ni kidogo na chakula hutangulia. Hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto sita ang’oe maharage apande maua. Lakini uko ukanda mwembamba kando ya ukuta, ambako jembe la mahindi halifiki, na hapo mashina matatu hayamnyimi mtu mlo. Nyuki na vipepeo hulipenda sana ua hili, na nyuki akivutwa na ua hupita pia katika maboga, matango na kahawa. Bila mdudu kulipeleka vumbi la ua dume kwenye ua jike, boga halizai. Na ua lililokatwa alfajiri, likiwa limefunguka nusu, likawekwa mara moja katika maji safi, hukaa siku tano hadi saba, nalo laweza kuuzwa mjini kwa wapambaji wa arusi.

Liko jambo lingine lisilopimwa kwa debe. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliwafungia raia wa Kiingereza katika kambi ya Ruhleben, uwanja wa mashindano ya farasi karibu na Berlin. Mwaka 1916 wafungwa hao waliunda chama cha bustani, wakaiandikia barua jumuiya ya kifalme ya kilimo cha bustani ya nchi yao, wakapelekewa mbegu. Wakapanda maua, na baadaye mboga nyingi zilizowasaidia kula. Hawakujua siku ya kutoka. Mtu asiyejua siku ya kuondoka ana njia mbili: kuhesabu siku, au kuzipa kazi. Askari anayelinda makazi ya wakimbizi na mkimbizi mwenyewe wamo katika hali hiyo hiyo moja, kila mmoja kwa namna yake.

MAUA NA WENZETU WALIOLALA

Sasa twalijibu lile swali la bunduki na maua. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya askari wao waliokufa vitani, na tangu mwanzo waliwatumia mabingwa wa mimea kuchagua maua ya kupandwa mbele ya kila jiwe. Walitaka mimea mifupi, isiyoficha jina la marehemu, nayo izuie matone ya mvua yasirushe tope juu ya maandishi. Mpango huo waonekana hata leo katika makaburi ya vita yaliyoko Jinja.

Lakini ukweli wote usemwe. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918 hawakupewa jiwe wala jina. Walibeba risasi na unga kutoka mto hadi mto, wakafa kwa kuhara na malaria, wakazikwa njiani. Hakuna wa kuyapalilia makaburi yao kwa kuwa hakuna ajuaye yalipo.

Katika nchi kadhaa za Ulaya ile skabiosa ya zambarau nzito huitwa ua la wajane. Sisi tunao wajane wetu, na tunao wenzetu waliorudishwa nyumbani wakiwa wamefunikwa bendera. Siku ya mazishi kikosi huja, mizinga hulia, na mashada hunyauka kabla ya Jumapili. Shada halidumu, shina hudumu. Kikosi kitakachochukua vipande vitatu kutoka bustani yake na kuvipanda kaburini, kisha kikamfundisha mtoto wa marehemu kukata maua makavu, kitakuwa kimeweka ukumbusho ambao mvua huuamsha kila mwaka. Huko ndiko bunduki na maua hukutana.

KUKABIDHIANA

Tumalizie na jambo la utaratibu. Askari anapohama hukabidhi nyumba: vitasa vingapi, vioo vingapi, funguo ngapi. Twashauri bustani nayo iingizwe katika orodha hiyo. Yaandikwe mashina ni mangapi, yalipandwa mwaka gani, yaligawanywa mara ya mwisho lini, na majivu yalitiwa mwezi gani. Karatasi moja yatosha. Pasipo karatasi hiyo, ajaye hudhani ni magugu, naye huyang’oa kwa nia njema kabisa.

Ikiwa barua ya uhamisho imekwisha kufika na mvua ziko karibu, usiseme kwamba umechelewa. Chimbua shina, ligawe, acha vipande viwili tuta la nyumbani, mpe jirani kimoja, na uonyeshe karani wa nyumba mahali vilipo. Kisha funga godoro lako kamba uende kazini.